Hapana Mzee, Ile Pipi Haikuwa na Ndizi

Wiki hii huyu ni mtu wa tatu. Mzee wa watu ametoka Tukuyu alfajiri, ameshuka Mwanjelwa hapa Mbeya mjini, akauliza uliza habari za "yule mpika pipi" mpaka akanipata. Shikamoo, marahaba, kigoda, chai ya rangi. Kisha yaleyale: "Kijana wangu, nipikie zile pipi za ndizi tulizokula sisi. Zile za asili. Hizi zenu mmezijaza kemikali."

Nina miaka hamsini na ushee na bado naitwa kijana. Hilo sina neno. Ila hili la kemikali limenichosha. Naliandika hapa ili akija wa nne nimpe simu asome, mimi niendelee na sufuria.

Pipi ya ndizi ya zamani haikuwahi kuiona ndizi hata kwa mbali. Ilikuwa sukari, glukozi, rangi ya njano na arki, yale matone ya kutia harufu na ladha, na kilichonukia katika arki ile ni isoamili asetati. Kitu hichohicho kimo ndani ya ndizi inapoiva, isipokuwa kwenye ndizi kina wenzake wengi, na kwenye pipi kimeachwa peke yake kipige kelele. Kama hiyo ni kemikali, basi na mkungu wa Rungwe ni kemikali. Tena kwa upande wa rangi, za zamani ndizo za kuogopa: amaranthi, ile nyekundu iliyotiwa karibu kila kitu, Marekani waliipiga marufuku mwaka 1976.

Hilo dogo. Linalonikera hasa ni hili: "Pipi za zamani zilikuwa laini kwa nje, unamung'unya inasagika yenyewe. Hizi za sasa kokoto." Linanikera kwa sababu nusu yake ni kweli. Pipi ngumu iliyopikwa sawasawa ni kioo. Ni sukari iliyopoa upesi kabla chembe zake hazijapata nafasi ya kujipanga, na maji yaliyobaki ndani hayazidi asilimia 3 hivi. Kioo hicho kina kiu. Kiache kwenye hewa ya masika, kitavuta unyevu, ngozi ya nje itanata na kugandia karatasi, halafu chembe zitaanza kujipanga upya. Sisi tunasema pipi imerudi sukari. Ung'avu unapotea, inakuwa kama chaki, ukiuma inasagika.

Kwa hiyo, mzee wangu, ile uliyoipenda ilikuwa pipi iliyoharibika. Ilikaa ghalani miezi, ikapanda lori, ikakaa tena kwenye chupa yenye kifuniko kilicholegea juu ya kaunta, nje mvua ya Tukuyu hainyamazi. Na ile karatasi uliyokuwa ukiila pamoja na pipi kwa sababu haibanduki, ambayo watu wazima wananisimulia huku macho yanawalenga machozi, ni kasoro ya kiwanda na ghala. Nimewahi kupika hivyo makusudi: nikapunguza glukozi, ile inayozuia chembe kujipanga, nikakoroga ikiwa bado moto mpaka ikarudi sukari. Watu wa makamo walisifu. Vijana walinirudishia, wakasema imepitwa na muda.

Mwingine huja na "resipe ya zamani" kwenye karatasi, anadhani siri imo humo. Kazi hii nilijifunzia Dar es Salaam, ambako tulipika mpaka nyuzi 150. Nilipohamia Mbeya nikapika kwa namba ileile, pipi zangu nyeupe zikatoka na rangi ya chai. Hapa tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo sukari ikifika 150 imeshapoteza maji kuliko ya Dar. Kanuni inasema toa nyuzi sita. Mimi natoa sita, wakati mwingine saba, maana sukari ikishakuwa nzito hiyo sita haisimami, na kipimajoto nacho kinasema hili katikati ya sufuria na lile pembeni. Mwisho wa yote nadondosha tone kwenye maji baridi, nikisikia limelia kama kioo naepua. Na ndimu ya unga natia mwishoni, ikishaanza kupoa. Ukiitia mapema utauza gundi.

Wale wanaodai soda ya chupa ya kioo ilikuwa bora kuliko ya plastiki nawapa nusu ya haki yao: plastiki hupitisha gesi kidogo kidogo, kioo hakipitishi. Basi.

Tatizo langu ni kwamba hata mimi nina pipi yangu. Miaka ya mwanzo ya themanini sukari ilikuwa ya mgao, na mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, mama aliificha kilo moja ndani ya ndoo ya unga kana kwamba ni bunduki. Pipi moja tuligawana watatu, kwa meno. Nikifungua chupa ya arki ya ndizi nairudia ile theluthi yangu, na kipimajoto changu hakinisaidii kitu.

Mzee nilimpikia mbili. Moja ya arki. Nyingine ya ndizi halisi za kwao Tukuyu, nilizozikausha na kuzisaga. Ilitoka ya kahawia, inanukia uji. Sikumwambia ipi ni ipi. Alianza na ile ya uji, akaitema kiganjani, akanitazama kwa huruma.

"Unaona? Hii ndiyo kemikali yenyewe ninayoisema."

Akachukua ya arki, akafumba macho, akakaa kimya muda mrefu.

"Hii sasa. Ndizi tupu. Nipimie kilo mbili."

Nikampimia.