Umemwona chawa anayetembea?

Juzi tena. Mama kaniletea binti yake, ngozi ya kichwa nyekundu, imechubuka kwa dawa ya chawa aliyopakwa mara 4 ndani ya mwezi mmoja. "Nesi, hawaishi hawa! Angalia mayai yalivyojaa."

Nikamlowesha nywele, nikapaka kondishena, nikapitisha kitana cha chawa kuanzia kisogoni na nyuma ya masikio, kila mpito nikikifuta kwenye karatasi nyeupe. Nusu saa nzima, na sikuona chawa hata mmoja. Kilichojaa ni maganda.

Jamani, ganda si chawa! Jike hugandisha yai kwenye unywele karibu kabisa na ngozi, kwa sababu linahitaji joto. Siku 7 hadi 10 hivi linaanguliwa. Ganda tupu hubaki limeng'ang'ania, na unywele ukirefuka linasogea nao. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo ganda jeupe lililo sentimita 2 kutoka ngozini ni la miezi 2 iliyopita. (Nywele za kipilipili zivute zinyooke ndipo upime.) Unampaka mtoto sumu kutibu yaliyopita.

"Lakini bado anajikuna." Ndiyo, atajikuna. Muwasho ni mzio wa mate ya chawa, unaweza kudumu wiki kadhaa baada ya chawa wote kufa. Tena dawa yenyewe inawasha.

Ukimwona anayetembea, hapo sawa: mpake permethrini ya 1%, dawa ya kuua chawa, halafu urudie siku ya 9, maana haiui mayai yote. Wachane wote wa nyumbani, umtibu mwenye chawa tu. Chawa haruki, hachagui mchafu, anapita kichwa kikigusa kichwa. Mafuta ya taa sitaki hata kuyasikia.

Wakiendelea kutembea baada ya dozi 2? Hapo nakiri, mara nyingi sijui kama ni usugu wa chawa kwa dawa, au dawa ilipakwa kiduchu, au mtoto kawapata upya kwa rafiki yake. Nabadilisha dawa, nachana kila baada ya siku 3 kwa wiki 2, na kilichomponya hasa sitakijua.

Mama yule aliomba chupa moja "ya tahadhari tu". Nimempa kitana.