Kusambaa si kuvuma

Ukikaa Mkunguni, hapa Lamu, jioni hutakosa mtu wa kukwambia kwamba jambo fulani limesambaa mitandaoni. Mwulize ameliona wapi, atakutajia ukurasa mmoja mkubwa wa Facebook ambao nusu ya mji unaufuata. Hapo ndipo ninapokataa. Jambo lililowekwa mahali pamoja na kutazamwa na watu wengi limetazamwa na watu wengi, basi. Kusambaa ni kitu kingine. Na huniuma zaidi nikilisikia kosa hili kwa watangazaji na waandishi wa habari, watu ambao kazi yao ni maneno, wanaposema kusambaa, kuvuma na kutrendi kana kwamba ni kitu kimoja.

Maana zenyewe ni fupi. Jambo husambaa pale anayelipokea anapolipeleka kwa wengine, na hao wakalipeleka kwa wengine tena, bila ya yule aliyelianzisha kulisukuma. Jambo huvuma linaposikika kwa wingi, vyovyote lilivyofika. Na hutrendi pale mtandao wenyewe unapoliingiza kwenye orodha yake ya mambo yanayopanda kwa kasi. Jambo moja laweza kuwa yote matatu, lakini aghalabu haliwi.

Kwa Kiingereza jambo linalosambaa huitwa viral, yaani lenye tabia ya virusi, na huku kufananisha habari na virusi kulipata nguvu katika biashara ya intaneti miaka ya 1990. Huduma ya barua pepe ya Hotmail ilipofunguliwa Julai 1996, chini ya kila barua iliyoandikwa na mteja wake palikuwa na mstari mmoja wa kumjulisha mpokeaji kwamba naye aweza kupata barua pepe ya bure. Mteja alikuwa akimwandikia shangazi yake habari za nyumbani, na bila kukusudia akawa amemwalika. Ndani ya mwaka mmoja na nusu wateja walifika takriban milioni 12. Steve Jurvetson na Tim Draper, waliokuwa wameweka fedha zao katika kampuni hiyo, ndio walioueneza msamiati wa virusi miongoni mwa watu wa masoko. Kwa Hotmail msamiati huo ulistahili, kwa sababu mtaalamu wa maradhi haridhiki na kujua wangapi wanaumwa. Hutaka kujua kila mgonjwa anaambukiza wangapi. Wakiambukiza zaidi ya mmoja kwa wastani, ugonjwa unakua. Wakiambukiza chini ya mmoja, unazima wenyewe, hata kama ulianza na watu elfu kwa siku moja.

Ukiishika hesabu hiyo utaona kwamba karibu kila tunachokiposti huzima. Mwaka 2012 Sharad Goel, Duncan Watts na Daniel Goldstein walichapisha uchunguzi wa huduma saba tofauti za mtandaoni, na wakakuta kwamba minyororo mingi mno ni mifupi: mtu anaweka kitu, marafiki zake wachache wanakichukua, kinaishia hapo. Lakini ni uchunguzi wa miaka michache baadaye, uliochapishwa 2016, ambao ningependa kila mhariri ausome. Goel na Watts, pamoja na Ashton Anderson na Jake Hofman, walipima vitu karibu bilioni moja vilivyopita Twitter, na badala ya kuhesabu vimefika kwa watu wangapi tu, waliangalia umbo la njia. Je, vilitoka kwenye akaunti moja vikafika kwa wote kwa hatua moja? Au vilipita mkono kwa mkono, hatua baada ya hatua? Walikuta njia za kila namna. Ila kwa jumla hata vile vilivyopata umaarufu mkubwa, umaarufu wao ulitegemea zaidi ukubwa wa tangazo lao kubwa kuliko urefu wa mnyororo. Yaani vingi ya vitu tunavyoapa kwamba vimesambaa vilitangazwa.

Sisi wa Lamu hatukuhitaji intaneti ili tuujue usambaaji wenyewe. Katika miaka ya 1970 mashairi ya siasa na ya mawaidha yalirekodiwa hapa kwenye kaseti, na hakuna kituo cha redio kilichoyasukuma. Mtu alisoma utenzi, mwenzake akaomba anakili, redio mbili zikawekwa uso kwa uso chumbani, watoto wakaambiwa wanyamaze, kaseti ya pili ikapatikana. Hiyo ya pili ikaenda Langoni kwa mkwe, ya tatu ikatiwa mfukoni na mtu aliyekuwa akivuka kwenda Faza, nyingine ikapanda basi. Kila nakala ilichukua kitu cha mahali ilipopita: jogoo akawika katikati ya ubeti, mlango ukagongwa, na mvumo wa kanda ukazidi mpaka vina vikawa vinasikika kwa shida. Msikilizaji aliyeizoea sauti ya msomaji aliweza kukisia kwa sikio tu kwamba nakala aliyonayo imepita mikono mingi. Kaseti yenyewe ilibeba ushahidi wa safari yake.

Tangazo la redio halina ushahidi huo kwa sababu halina safari. Limetoka mdomo mmoja, likawafika watu laki moja kwa hatua ile ile moja. Ni kubwa, lakini ni fupi. Tofauti hii ya ukubwa na urefu ndiyo ninayoitetea.

Siku hizi ushahidi wa safari tunao kwenye simu, na wengi hawajui wanachokitazama. Kwenye WhatsApp, ujumbe ulioforwadiwa huwa na mshale mmoja juu yake. Ukiona mishale miwili, maana yake ujumbe huo umepita katika mnyororo wa mazungumzo matano au zaidi tangu kwa aliyeuandika. Mishale hiyo haisemi watu wangapi wameusoma. Inasema uko mbali kiasi gani na chanzo. Kampuni haihitaji kuusoma ujumbe ili kuiweka, kwani hesabu husafiri na ujumbe wenyewe. Ila mtu akiyanakili maneno na kuyabandika upya, au akipiga skrinshoti, hesabu inafutika, na uvumi wa zamani unaonekana kama ameuandika yeye asubuhi hii.

WhatsApp walipotaka kupunguza uvumi, walichokigusa ni mnyororo. Januari 2019 walipunguza idadi ya mazungumzo unayoweza kuyaforwadia kwa mara moja kutoka 20 hadi matano, dunia nzima. Aprili 2020, corona ilipokuwa imepamba moto, ujumbe wenye mishale miwili ukaruhusiwa kwenda kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Kampuni ilieleza baadaye kwamba jumbe za namna hiyo zilipungua kwa asilimia 70. Hakuna aliyezuiwa kusema lolote. Ilikuwa ni kumpunguzia kila mtu idadi anayoambukiza, na hesabu ya maradhi ikafanya kazi yake.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona mtaani madhara ya uvumi wa namna hiyo. Si zamani kulipita ujumbe wa sauti wa mwanamume aliyedai mashua za kwenda Mokowe, upande wa bara, zimesimamishwa. Hakutaja jina wala siku. Asubuhi ulikuwa kwenye kundi la ukoo, kabla ya adhuhuri uko kwenye kundi la wazazi wa shule na la watu wa mtaa. Bi mmoja jirani yetu, aliyekuwa amefunga mizigo kumpeleka mjukuu kliniki ng'ambo, aliivunja safari. Nilimwuliza amesikia kwa nani. "Mwanangu, kila mtu asema," akanijibu. Nikamchezea ule wa kundi la ukoo, kisha ule wa shule. Ni sauti ile ile, kikohozi kile kile mwanzoni. Alikuwa amemsikia mtu mmoja mara nyingi. Gatini mashua zilikuwa zikipakia abiria kama kawaida.

Aliyefikiwa na jambo kupitia njia nyingi hudhani amepata mashahidi wengi. Jambo likisambaa kweli, ndivyo linavyoonekana kutoka ndani: linakujia kutoka kila upande, na kila anayekuletea ni mtu unayemwamini. Mwaka 2018 Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral walichapisha uchunguzi wa habari zilizopita Twitter kuanzia 2006 hadi 2017, zile ambazo mashirika sita ya kuhakiki habari yalikuwa yameshaamua kama ni kweli au uongo. Ukweli ulichukua muda mara sita zaidi ya uongo kuwafikia watu 1,500. Walipoziondoa akaunti za roboti kwenye hesabu, matokeo yakabaki vile vile. Waliokuwa wakisambaza ni watu.

Kutoka mtandao mmoja hadi mwingine hali huwa mbaya zaidi, na hapa ningetamani watu wapatazame kwa makini. Posti ya X, yaani Twitter ya zamani, ikipigwa skrinshoti na kupelekwa Facebook, inaacha nyuma majibu yaliyoipinga, na mara nyingi tarehe inakatwa ukingoni. Ikishuka WhatsApp inapoteza jina la mwenyewe. Ikipanda TikTok inapata sauti ya mtu mwingine anayeisoma kwa ghadhabu. Kisha gazeti linaandika kwamba Wakenya mitandaoni wamekasirika, na kichwa cha habari kile kinapigwa skrinshoti na kurudi WhatsApp kama thibitisho. Mzunguko umekamilika bila mtu hata mmoja kurudi kwenye posti ya kwanza.

Si kwamba mzunguko huo huleta mabaya tu. Julai 2015, kabla ya ziara ya Barack Obama, CNN waliieleza Kenya kama kitovu cha ugaidi, na heshitegi ya #SomeoneTellCNN ikajaa Twitter. Vyombo vya habari vikaichukua, watu wakaisoma huko na kurudi kuiongeza, mpaka kiongozi mmoja wa CNN, Tony Maddox, akasafiri hadi Nairobi Agosti ile kuomba radhi. Hiyo ilivuma na ikasambaa, na sina ugomvi na anayetumia maneno yote mawili.

Ugomvi wangu wa mwisho ni na kutrendi, neno linalotumika kama kura ya maoni. Orodha ya mambo yanayotrendi haitaji yanayozungumzwa zaidi. Twitter walilieleza hili tangu 2010: wanachotafuta ni jambo linalopanda ghafla kuliko kawaida yake. Jambo linaloongelewa sana kila siku laweza kukosa nafasi, na jambo dogo lililopaa ndani ya saa moja likaingia. Ukishajua hivyo, unajua pia namna ya kulitengeneza: watu wachache, waposti kwa pamoja, kwa muda mfupi. Mwaka 2021 Odanga Madung na Brian Obilo, katika utafiti wao kwa Mozilla, walionyesha jinsi biashara hiyo inavyoendeshwa hapa Kenya. Walihesabu kampeni 11, akaunti zaidi ya 3,700 na jumbe zaidi ya 23,000. Washiriki walipewa maelekezo kwenye makundi ya WhatsApp na kulipwa kiasi cha dola 10 hadi 15. Mambo hayo yalitrendi. Kusambaa hayakusambaa, maana kila aliyeyaposti alikuwa ameagizwa na mtu mmoja.

Na hapa kwetu tunao mfano wa kinyume chake. Wakati wa mvutano wa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, heshitegi zilikuwepo, na zilisaidia watu wa mbali kujua Lamu iko wapi. Lakini Juni 26, 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) lilipoifuta leseni, lilisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Swali lililoamua kesi lilikuwa kama watu wa Lamu walielezwa, wakasikilizwa, na maoni yao yakazingatiwa. Hakuna aliyeleta orodha ya mambo yaliyotrendi kuwa jibu la swali hilo, na isingekuwa jibu.

Kwa hivyo, ndugu mtangazaji, ukiniambia video imetazamwa mara milioni nitakuamini, na neno la kuvuma linakutosha kabisa. Ukisema imetrendi, nitajie ilitrendi wapi na kwa saa ngapi. Na ukitaka kusema imesambaa, nakuomba utuelezee kidogo ilitoka kwa nani, na ilipita mikono gani mpaka ikakufika wewe.