Je, Pikipiki ya Magurudumu Manne Inahitaji Injini Kubwa Zaidi?

Karibu kila anayetaka kununua pikipiki ya magurudumu manne kwa kazi za shamba, doria ya msituni au safari za nje ya barabara huuliza kama injini ya cc 400 (cc ni kipimo cha ukubwa wa injini) itamtosha, au ajibane afikie 700 au hata 1000. Jibu letu, sisi tunaofundisha uhandisi wa mitambo, ni kwamba kwa kazi nyingi injini ya wastani inatosha, na kwamba anayekwama mlimani au matopeni mara nyingi amekosa mshiko wa matairi au gia inayofaa, wala si ukubwa wa injini.

Vyombo hivi vilianza vikiwa na injini ndogo sana. Mwaka 1970 Honda ilileta sokoni nchini Marekani chombo cha magurudumu matatu chenye matairi mapana na laini, kikiwa na injini ya cc 89 iliyotoa takriban nguvu farasi 7. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Suzuki ikaja na QuadRunner LT125 ya magurudumu manne, na mwaka 1986 Honda ikauza TRX350, iliyosukumwa na magurudumu yote manne. Leo zipo modeli za karibu cc 1000 zinazotoa zaidi ya nguvu farasi 80. Milima na matope havijabadilika katika muda huo. Kilichobadilika zaidi ni kasi wanayoitaka waendeshaji.

Hesabu inalidhihirisha jambo hili vizuri. Tuchukue pikipiki ambayo, pamoja na mwendeshaji na mzigo, ina kilo 450, nayo inapanda mwinuko wa nyuzi 20 kwenye udongo mlaini. Uzito wake unaivuta kurudi nyuma kwa takriban nyutoni 1,500 (nyutoni ni kipimo cha nguvu ya kuvuta au kusukuma), na udongo unaozuia matairi kubingirika unaongeza nyutoni 400 hivi. Kuzishinda nyutoni 1,900 kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, ambao ndio mwendo wa busara mahali kama hapo, kunahitaji nguvu farasi 7 tu kwenye magurudumu. Hata tukikadiria kwamba theluthi moja ya nguvu ya injini inapotea kwenye mkanda, giaboksi na ekseli, tunahitaji nguvu farasi 11, ilhali injini ya kawaida ya cc 400 hutoa zaidi ya 20.

Sasa tutazame mshiko, maana hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Ikiwa kizio cha msuguano kati ya matairi na udongo huo, yaani sehemu ya uzito inayoweza kugeuka mshiko, ni 0.6, magurudumu manne yanayosukuma kwa pamoja yanaweza kutoa karibu nyutoni 2,500 kabla ya kuteleza, kwa hiyo pikipiki inapanda. Ikisukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, hata kama mwinuko umeyahamishia theluthi mbili za uzito wote, kikomo kinashuka hadi chini ya nyutoni 1,700, ambazo hazitoshi. Ukiifunga pikipiki hiyo injini ya cc 1000, matairi yatachimba shimo haraka zaidi, lakini kupanda haitapanda.

Gia nayo ina uzito wake katika uamuzi huu. Injini ndogo yenye gia nzito, yaani ya mwendo wa polepole, inaweza kusukuma magurudumu kwa nguvu kuliko injini kubwa iliyoachwa kwenye gia ya mwendo kasi. Kwenye pikipiki zinazotumia mkanda badala ya gia za kuingiza kwa mguu, kupanda mlima taratibu bila kuweka gia nzito hufanya mkanda uteleze, upate moto na hatimaye uungue, na mwenye chombo huishia kuilaumu injini.

Yapo mazingira ambayo injini kubwa inastahili gharama yake. Kwenye mchanga mlaini ukinzani ni mkubwa hata mahali tambarare, na pikipiki ile ile ya kilo 450 ikienda kilomita 40 kwa saa inaweza kuhitaji nguvu farasi 20 kwenye magurudumu. Vivyo hivyo kwa anayevuta tela zito siku nzima, na kwa anayefanya kazi katika nyanda za juu sana, kwa kuwa injini isiyo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kimo.

Nje ya hayo, injini kubwa inaongeza uzito na hatari. Pikipiki hizi ni fupi, nyembamba na zimeinuka, hivyo hupinduka kwa urahisi; na kasi ikipanda kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, nishati inayopaswa kuzuiwa na breki, au kuupiga mwili ajali ikitokea, huongezeka mara nne. Kwa watoto tunasisitiza bila kusita. Makubaliano ya mwaka 1988 kati ya serikali ya Marekani na watengenezaji yaliweka kikomo cha cc 70 kwa walio chini ya miaka 12, na cc 90 kwa walio chini ya miaka 16. Baadaye viwango vya nchi hiyo vilianza kuzipanga pikipiki za watoto kwa kasi ya juu kabisa, na sisi tunaona huo ndio utaratibu bora, kwa sababu mwendo ndio unaojeruhi.

Kabla ya kuuza chombo ulichonacho, kijaribu kwa mzigo wako halisi kwenye mwinuko mkali unaoupanda kwa kawaida, ukiwa umeweka gia nzito na magurudumu yote manne yakisukuma. Magurudumu yakizunguka bure, shughulikia matairi na upepo wake. Ikiwa umefunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani, kumbuka kwamba kipenyo kikitoka inchi 25 hadi 28, nguvu ya kusukuma hupungua kwa zaidi ya asilimia 10, na dawa yake ni kurekebisha gia au klachi. Lakini matairi yakishika vizuri na bado mlio wa injini ukazidi kufifia hadi inazima, hapo una sababu ya kweli ya kutafuta injini kubwa zaidi.