Mwezeshaji wa kikao: mnamhitaji kweli au mnaiga tu?

Mwezeshaji ni mtu wa kuongoza mazungumzo ya kikao bila kuegemea upande, na watu wana maneno mengi juu yake. "Tukiwa wengi lazima tuwe na mwezeshaji." Hapana bana, idadi sio kigezo. Kikundi cha hisa cha watu 25 wanakaa kila wiki, wanaitwa kwa namba, mtu anasogea ananunua hisa zake, hela zinahesabiwa mbele ya wote, sanduku linapigwa kufuli tatu na funguo wanazo watu watatu tofauti, kikao kimeisha, hakuna mgeni aliyekuja kuongoza chochote maana utaratibu unajulikana. Sasa njoo kwa watu watano wa ofisini wanaotakiwa kuamua nani akatwe bajeti, hapo ndo utajua hujui.

Cha kuangalia ni kama anayeongoza ana maslahi na kinachoamuliwa. Bosi ndo kaleta mfumo mpya wa ripoti, na bosi huyohuyo ndo anaongoza kikao cha kuujadili. Anauliza "kuna mwenye swali?" kimya, watu wako bize na kalamu, akitoka kupokea simu tu mnong'ono unaanza hadi mezani kunakuwa soko. Hapo tafuteni mtu mwingine aongoze, na bosi aongee wa mwisho, akianza yeye wengine wote watakuwa wa "naunga mkono hoja".

"Lazima atoke nje, tena wa kulipwa." Sio lazima, mtu wa idara nyingine anatosha kabisa. Shida ni kwamba akikaa pale asipige debe upande wowote, na wabongo kunyamaza na hoja yako saa nzima ni mtihani haswa 😅

"Mkimzoea hamtaweza bila yeye." Inategemea alikuja kufanya nini. Hivyo vikundi vya hisa ni mfumo wa VSLA, yaani vikundi vya kijijini vya kuweka na kukopa, shirika la misaada la CARE waliuanzisha Niger mwaka 1991, na mwezeshaji anakuja sana mwanzoni kufundisha, kisha anapunguza safari kidogokidogo, mzunguko wa kwanza ukiisha wakagawana hela, wanajiendesha wenyewe.

Kikao cha Jumatatu cha kupeana taarifa? Hakihitaji mwezeshaji, vingine hata kikao havihitaji, andikeni kwenye grupu yaishe.

Ila hii ya "mwezeshaji atawafanya watu wakubali" ndo mbaya kuliko zote. Kama uamuzi ulishapita huko juu, waambieni watu umepita na kwa nini, msilete mtu na flipchati aje kuwauliza maoni ambayo hayaendi popote.