Poda za asili za kuzuia wadudu nyumbani na bustanini, maswali na majibu

Swali: Hizi poda za asili zinaua wadudu kweli au ni stori tu?

Zinaua, ila kila moja na njia yake, ndo maana mmoja anasifia na mwingine anasema katupa hela. Chukua unga wa daiatomaiti. Huu unatokana na magamba ya silika (madini yaleyale ya mchanga na kioo) ya mwani wadogo sana wa majini waliokufa miaka mingi mno iliyopita. Mdudu akipita juu yake unamganda mwilini, unafyonza ile nta nyembamba inayomfunika, nta ikishatoka maji nayo yanamtoka na anakauka. Asidi ya boriki, ile poda nyeupe inayotokana na madini, ni habari nyingine, mende anaikanyaga halafu si unajua anavyojisafisha miguu na vipapasio vya kichwani kwa mdomo, basi anaimeza mwenyewe. Pareto, yaani yale maua yaliyokaushwa na kusagwa, inapiga mishipa ya fahamu na ndo ya haraka kuliko zote, tatizo jua linaimaliza nguvu mapema. Mwarobaini ni wa polepole, mdudu mchanga anakosa hamu ya kula na anashindwa kujivua gamba akue.

Mdalasini na pilipili? Zinavuruga harufu ya njia ya sisimizi tu, kesho wanapita pengine. Ukifuta ile njia yao kwa maji ya sabuni unapata karibu matokeo yaleyale.

Swali: Nimemwaga unga kila kona wiki nzima na mende bado wanatamba, nakosea wapi?

Hapo kwenye kumwaga. Mdudu akikuta rundo la unga analizunguka kama wewe unavyozunguka dimbwi. Unatakiwa utandaze wembamba kabisa, kama vumbi la juu ya kabati ambalo halijafutwa muda, tena uweke anapojificha na sio katikati ya sebule, yaani kwenye nyufa, nyuma ya jiko, chini ya friji, na kama ni kunguni basi kwenye maungio ya kitanda na pale sakafu inapokutana na ukuta. Pawe pakavu, maana daiatomaiti ikilowa haifanyi kitu mpaka ikauke tena. Na uwe na subira, inaweza kuchukua siku kadhaa hata zaidi ya wiki. Mayai ya kunguni haiyawezi, kwa hiyo usifagie mapema, wacha watakaoanguliwa nao waikute.

Swali: Si ni ya asili jamani, naweza kupaka kwenye godoro la mtoto?

Hapana, usipake. Hata uyoga wa sumu ni wa asili. Shida kubwa ya hizi poda ni mapafu. Daiatomaiti iko ya aina mbili, na ile iliyochomwa kwa moto mkali kwa ajili ya machujio ya bwawa la kuogelea ina silika ya fuwele nyingi, ukiivuta muda mrefu inaleta makovu kwenye mapafu (silikosisi) na hata saratani, hiyo usiitumie kabisa nyumbani. Nunua ile iliyoandikwa kwenye pakiti kwamba ni ya wadudu, na hiyo nayo ni vumbi, itakukohoza, na mwenye pumu inaweza kumwamshia. Vaa barakoa, zima feni, watoto na wanyama wakae nje mpaka vumbi litulie. Kusafisha tumia kitambaa kibichi, ukipiga ufagio umelirudisha hewani.

Asidi ya boriki ni sumu ikimezwa, isikae karibu na chakula wala mtoto anapotambaa. Pareto inaua samaki, kwa hiyo mbali na tangi lao, na watu wengine inawaletea mzio.

Swali: Na bustanini?

Nyunyiza jioni, majani yakiwa makavu, usiguse maua kwa sababu daiatomaiti na pareto hazichagui, nyuki naye anakufa. Mvua ikinyesha unaanza upya. Majivu yanasaidia ukizungushia miche kuzuia konokono, yawe ya kuni tupu, sio mbao zenye rangi wala plastiki, na usizidishe maana yanapunguza asidi ya udongo na mimea mingine haipendi. Boriki iache ndani, inaunguza mimea.

Swali: Mtoto kaiweka mdomoni, nifanyeje?

Mtoe iliyobaki mdomoni kwa kitambaa kibichi, usimlazimishe kutapika, mpeleke hospitali hata kama anaonekana mzima na ubebe pakiti yenyewe, maana kitu cha kwanza utakachoulizwa kule ni poda gani na kameza kiasi gani. Ikiingia jichoni suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 hadi 20, usisugue.