Kabla hujaomba bei ya darasa la Kireno kwa watumishi wako, kusanya kwanza karatasi zilizowashinda

Ndugu zangu maafisa utumishi wa halmashauri zetu hizi za Mtwara na Lindi, kila ukifika mwezi wa kwanza bajeti zinapoandaliwa simu zinakuwa nyingi pale chuoni kwenye kitengo chetu cha lugha, na nyingi zinafanana, tuna watumishi 25, tunataka wasome Kireno, miezi mitatu, jioni jioni, tupeni bei. Nafurahi sana kusikia hivyo, lakini kabla ya bei naombeni mnisikilize kidogo, maana nimeshaona darasa la namna hiyo linafunguliwa na watu 25, picha ya pamoja, maji ya chupa, alafu wiki ya sita mwalimu amekaa na watu wanne na pesa ya serikali imeshatoka.

Watu wanasema watumishi ni wavivu, mimi sikubaliani. Kwa ninavyoona shida inaanza mapema, pale ambapo hakuna aliyekaa akauliza huyu mtu akishajua hii lugha anaenda kuifanyia kazi gani, kwenye meza gani, na nani.

Nitoe mfano. Kituo kimoja cha afya huku jirani na mto Ruvuma alifika bibi kutoka ng'ambo, upande wa Msumbiji ambako serikali na hospitali zinatumia Kireno, na mjukuu wake mwenye kifafa, mama wa mtoto alibaki kule. Nesi aliyekuwa zamu ni Mmakonde wa Newala, bibi naye Mmakonde, wakasalimiana wakaulizana ya nyumbani vizuri kabisa, hapo Kireno wala hakikuhitajika. Ngoma ikaja pale bibi alipofungua pindo la kanga akatoa karatasi imekunjwa mara nne. Jina la dawa nesi alilijua maana majina ya dawa ni yale yale, lakini chini yake daktari wa kule ameandika kwa peni ya bluu "Não suspender" na kuipigia mstari mara mbili. Nesi alijua "não" ni hapana. Hapana nini sasa? Usimpe, au usiache kumpa? Bibi hajui kusoma na anachokumbuka ni kwamba vidonge vimeisha. Ikabidi karatasi ipigwe picha itumwe wasapu kwa mtu Masasi aliyewahi kuishi Pemba, ile ya Msumbiji, jibu likarudi baada ya karibu saa zima: usiache kumpa dawa. Mtoto wa kifafa, saa zima, kwa ajili ya neno moja.

Sasa huyo nesi ukimweka kwenye darasa la kukariri "habari za asubuhi" na majina ya siku za wiki kwa miezi mitatu atakuacha, na atakuwa na haki. Yeye anataka kusoma mwandiko wa daktari, maneno kama mia mbili hivi ya cheti na kadi ya kliniki. Afisa uhamiaji pale Kilambo au Mtambaswala shida yake ni tofauti kabisa, anakutana na dereva katoka Nampula au kusini zaidi, Kimakonde hajui na Kiswahili hajui, huyo inabidi asikie na ajibu hapo hapo huku foleni inamwangalia. Wa forodha anasoma ankara, wa mifugo anasoma cheti cha chanjo ya ng'ombe. Na kuna mtumishi wa masijala makao makuu ya mkoa ambaye Kireno hakutani nacho mwaka mzima, huyo mwacheni au mpelekeni Lugha ya Alama, ambayo kwa kweli kila dirisha la huduma linaihitaji na maombi yake tunapata machache mno, hili linaniuma.

Wenzetu Kanada wana utaratibu mmoja ambao naupenda. Kule Kiingereza na Kifaransa zote ni lugha rasmi za serikali kwa sheria ya mwaka 1969, na ile nafasi ya kazi inayotaka lugha mbili inapangiwa kiwango kabla hata hajajulikana nani ataikalia. Kiwango kinaandikwa kwa herufi tatu, ya kwanza kusoma, ya pili kuandika, ya tatu kuzungumza, A ni chini na C ni juu, yani nafasi ikiwa CBC inataka msomaji na msemaji mzuri ila kuandika wastani tu kunatosha. Sisi hatuna haja ya kuchukua mfumo wote huo wala mitihani yake, tuchukue lile wazo tu. Kaa na mkuu wa kitengo nusu saa, andikeni kwa kila meza: kusoma kiasi gani, kuandika kiasi gani, kusema kiasi gani. Kwa nesi wetu kusoma kuko juu na kuandika karibu hakuna, kwa uhamiaji kusema kuko juu. Mkimaliza mtajikuta wale 25 wamebaki 14 na ni makundi mawili, na gharama imeshuka bila kubembelezana na mtu.

Tuje kwenye masaa, hapa ndipo mabosi wengi wananikasirikia. Walimu wa lugha za Ulaya wanakadiria masaa 90 mpaka 100 ya darasani kufikia A1, ambayo ni hatua ya kwanza kabisa kwenye vile viwango sita vya Baraza la Ulaya vilivyotoka mwaka 2001. Vipindi viwili kwa wiki, kila kimoja saa moja na nusu, ni masaa matatu, miezi mitatu ni kama masaa 36. Ukiniambia baada ya hapo mtumishi aongee Kireno kama wa Maputo nitakudanganya nikikubali. Lakini masaa 36 ya kusoma kadi za kliniki tu, kadi halisi zilizofutwa majina ya wagonjwa, yanambadilisha yule nesi, hilo nakuhakikishia. Kwa anayetaka kuongea panga wiki 30 na zaidi, na iandike hivyo kwenye mpango wa mafunzo ili mwaka wa fedha unaoanza Julai ukute fungu lipo.

Na masaa yenyewe yawe ya kazi jamani. Ratiba inayosema "baada ya kazi" ndio inayoua madarasa mengi kuliko kitu chochote. Kazi zinaisha saa 9:30 alasiri, hapo hapo swala ya alasiri inakaribia, akina mama wana watoto wa kufuata na chakula cha jioni, mwingine ana duka, mwingine ana shamba lake Naliendele anataka afike kabla giza halijaingia. Kipindi kiwe saa 8:00 mpaka 9:30, Jumanne na Alhamisi, kaunta nyingi muda huo zimepoa, na mkurugenzi aandike barua kwamba huo ni muda wa kazi na mahudhurio yanahesabiwa. Hiyo barua moja ina nguvu kuliko posho. Mwezi wa Ramadhani sogezeni asubuhi. Na kozi yenye watu wa kilimo na ushirika msiianze mwezi wa kumi, minada ya korosho ikishaanza hao hamtawaona mpaka mwaka mpya.

Watu wa zamu, manesi na uhamiaji, wanataka kitu tunachokiita darasa pacha, somo la Jumanne linarudiwa Jumatano vile vile, aliyekuwa zamu jana anakuja leo. Mwalimu analipwa zaidi kidogo, ni kweli, ila bila hivyo kila wiki nusu ya darasa wako nyuma na mwalimu anarudia rudia mpaka wale waliohudhuria wanachoka nao wanakimbia.

Kundi lisizidi watu 12, mimi napenda nane. Wapimwe kwanza kwa mdomo, dakika kumi kila mmoja, maana wapo watumishi wetu waliokulia Msumbiji au wamefanya biashara huko na wanaongea vizuri tu ila hawajawahi kusema kazini, hao ukiwachanganya na wasiojua kitu wanatawala darasa. Na jambo lingine linataka hekima kidogo, msimpange mkuu wa idara awe jozi na mtu anayemsimamia. Lugha unajifunza kwa kukosea kwa sauti, sasa mtu mzima na heshima yake atakosea vipi mbele ya dereva wake, na dereva naye atamsahihisha vipi bosi? Wote wananyamaza. Mpe bosi jozi wa idara nyingine, utamsikia anaongea.

Kuhusu mwalimu sitasema mengi, zabuni mtapitisha NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, kama kawaida, ila kwenye vigezo andikeni kwamba awe amewahi kufundisha watu wazima, kujua kuongea peke yake hakutoshi. Siku ya kwanza mwalimu mzuri atawaandikia ubaoni mesa, bandeira, lenço, watu wanaona meza, bendera na leso zao wanaanza kucheka kwa furaha, na woga unaisha hapo hapo. Hata huu mkorosho wetu uliletwa na Wareno kutoka Brazil, huu ukanda na Kireno si wageni.

Basi mkija kwetu, mje na barua ya mkurugenzi yenye siku na saa, orodha ya meza mlizoziandikia viwango, na bahasha yenye zile karatasi. Waulizeni watumishi wenu wiki hii hii, kila mmoja atoe karatasi tatu zilizomshinda dirishani, mzifute majina, mtuletee nakala. Kitabu cha somo la kwanza tutakitengeneza kutoka humo.