Nyuzi za diatomu si ukungu

"Maji yangu yameota ukungu, nitie dawa gani?" Swali hili halikatiki kwa wanaokuza diatomu (miani midogo ya seli moja) za kulishia vifaranga vya kamba, tangu Ngomeni hadi Malindi mjini. Mtu ameweka tone chini ya hadubini, ameona vinyuzi vimeizunguka seli, basi amekwisha hukumu. Tafadhali, weka formalini chini kwanza. Utaua chakula cha vifaranga kwa sababu ya ukungu ambao haupo.

Kama mbegu yako ni Thalassiosira au Cyclotella, vinyuzi hivyo ni kaitini, yaani dutu ngumu ya magamba ya wanyama kama kamba, na seli yenyewe ndiyo iliyovitoa. Tumezoea kwamba kaitini ni ya gamba la kamba, kaa na kambamti tu. Sivyo. Diatomu hizi zina vitundu maalumu kwenye gamba lao, ukingoni na katikati, na kila kitundu hutoa uzi mmoja unaoweza kuishinda seli kwa urefu mara kadhaa. Nyuzi hizo huongeza ukinzani wa maji ili seli isizame upesi. Mwaka 1965 watafiti wa Kanada walizichambua nyuzi za Thalassiosira fluviatilis wakakuta kaitini isiyochanganyika na protini, tofauti na ile ya gamba la kamba.

Kutofautisha si kazi ngumu. Ukungu hupiga matawi na kupindapinda. Nyuzi za diatomu zimenyooka kama miiba ya nungu, hazina tawi, na zote zinaanzia kwenye seli. Mwanga ukiwa mkali hazionekani, basi funga kiwambo cha hadubini (tundu la kupitishia mwanga) kidogo kidogo mpaka zijitokeze. Calcofluor, rangi ya kung'arisha sampuli chini ya hadubini, haitakuamulia, kwani hung'aa kwenye kaitini, kwenye selulosi na kwenye ukungu vilevile. Na usitikise chupa! Nyuzi hukatika, vipande vikaelea peke yake, nawe ukaviita uchafu. Chota taratibu kwa pipeti yenye mdomo mpana. Uchafu wa kweli ni zile chembe za tope zinazojaa maji ya Malindi mto Sabaki ukifurika, nazo hazina umbo wala mpangilio.

Kuna na madai mengine yanayosikika, nayo si kweli. "Gamba la diatomu ni kaitini." Hapana, ni silika, dutu ya kioo na mchanga. Unga wa diatomaiti unaochimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil, ni magamba hayohayo. Usitafute kaitini humo.

"Kila diatomu yenye manyoya ina kaitini." Hapana. Miiba ya Chaetoceros, diatomu nyingine, ni sehemu ya gamba, silika pia. Ukisafisha sampuli kwa haidrojeni peroksaidi ya moto (vaa miwani na glavu), miiba hiyo hubaki, nyuzi za kaitini huharibika.

"Kaitini haiozi, inajaa tu kwenye tope la mikoko." Huoza, kwani inaliwa. Bakteria, wakiwemo Vibrio, huikata kwa vimeng'enya na kuirudisha majini pamoja na naitrojeni yake, karibu gramu 7 katika kila gramu 100. Lakini Vibrio hao hao hupenda kujishikiza kwenye kaitini, na baadhi yao huwaua vifaranga. Kwa hiyo fyonza mashapo ya chini ya tangi kila asubuhi kabla ya kulisha: seli zilizokufa, nyuzi zilizokatika na magamba waliyojivua kamba, yote pamoja.